Lugha ya Jirani: Njia za Kuenzi Lugha za Kigeni Shuleni, Kazini na Nyumbani

Mama aliyehamia Nairobi kutoka Bukavu anampeleka mtoto wake kituo cha afya. Muuguzi anauliza iwapo mtoto ametibiwa kwingine. Mama anajibu kwa Kiswahili cha kwao kwamba juzi alimpeleka kwa munganga, naye akampa dawa. Muuguzi anapolisikia neno hilo, anawaza mganga wa kienyeji na mitishamba. Lakini mama anamaanisha daktari wa hospitali. Mashariki mwa Kongo munganga ndiye daktari, kama ambavyo nchini Tanzania mganga mkuu wa wilaya ni daktari anayesimamia huduma za afya.

Wote wawili wanazungumza Kiswahili, na bado hawajaelewana. Swali moja la ziada, "Munganga huyo ni wa wapi, na alimpa dawa gani?", lingetosha kujua kama mtoto tayari ameanzishiwa dawa kabla hajaandikiwa nyingine.

Mambo kama haya yanaweza kutokea siku yoyote katika jiji lenye lugha nyingi kama Nairobi. Ndiyo sababu kuenzi lugha za kigeni ni zaidi ya kuimba wimbo wa Kifaransa siku ya wazazi au kubandika bendera ukutani. Ni kumfanya anayezungumza lugha nyingine aeleweke, aheshimiwe na ajisikie yuko nyumbani. Makala haya yanaeleza yale ambayo shule, waajiri na familia wanaweza kufanya, mengi yakiwa hayahitaji bajeti yoyote.

JIJI LILILOJENGWA KWA LUGHA NYINGI

Hata jina la jiji hili ni la kuazima kwa wakazi wengi. Linatokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, ilikuja na vibarua na mafundi kutoka Bara Hindi, na baada yao wakaja wenye maduka. Barabara inayoitwa leo Biashara Street ilijulikana zamani kama Bazaar Street. Huko vitambaa vimepimwa na bei kupatanwa kwa Kigujarati, Kipunjabi, Kikikuyu, Kikamba na Kiswahili kwa vizazi kadhaa.

Leo mtu akitembea katikati ya jiji kwa nusu saa tu, anapita milango mingi ya lugha. Katika eneo la Loita Street, Alliance Française na Goethe-Institut ni majirani, na jioni wanafunzi wa Kifaransa na Kijerumani hukutana njiani wakitoka kazini. Hatua chache kutoka hapo, Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius, iliyoanzishwa mwaka 2005 ikiwa ya kwanza barani Afrika, ambako hufundishwa Kichina. Kiarabu husikika katika Msikiti wa Jamia, ulio jirani na Maktaba ya McMillan katika Banda Street.

Ukielekea magharibi, orodha inazidi kurefuka. Parklands na Westlands kuna familia zinazozungumza Kigujarati, Kikachchi, Kipunjabi na Kihindi, na jamii hiyo ya Wakenya wenye asili ya Kiasia ilitambuliwa rasmi mwaka 2017 kuwa kabila la 44 la Kenya. Hurlingham na Kilimani kuna mikahawa ya Kihabeshi na maduka yenye maandishi ya Kichina. Kawangware, Riruta na Kabiria, Kinyarwanda, Kirundi, Kilingala na Kifaransa vinasikika plotini na makanisani. Na Gigiri, katika Kaunti Ndogo ya Westlands, Umoja wa Mataifa unatumia lugha sita rasmi: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi.

Kuna sababu nyingine ya kuzitazama lugha hizi kwa jicho jipya. Jumuiya ya Afrika Mashariki imepanuka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Mfanyabiashara wa Nairobi anayetafuta soko Bujumbura, Goma au Mogadishu anahitaji zaidi ya Kiingereza.

KATIBA INASEMAJE

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu hicho hicho kinaitaka Serikali kulinda wingi wa lugha za watu wa Kenya, na kuendeleza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli.

Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni anaoupenda. Pia kinakataza mtu kulazimishwa kufuata desturi fulani. Na anayeshtakiwa mahakamani, chini ya Kifungu cha 50, ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika.

Kwa upande wa majukumu, shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya mashinani, vituo vya afya vya kaunti, maktaba na shughuli za utamaduni. Kwa hivyo mzazi mwenye swali kuhusu somo la Kifaransa katika Sekondari Msingi aanzie kwa mwalimu mkuu na afisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mwenye swali kuhusu chekechea au maktaba ya kaunti aje kwa Serikali ya Kaunti.

SHULENI: ANZA NA WATOTO WALIOKO DARASANI

Katika mtaala wa umilisi, lugha za kigeni ambazo mwanafunzi anaweza kuchagua ni pamoja na Kiarabu, Kichina, Kifaransa na Kijerumani. Katika Sekondari Pevu, masomo ya lugha yamo katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Si kila shule ina mwalimu wa kila lugha. Mzazi anayetaka mtoto wake aendelee na lugha fulani anafaa kuuliza mapema shule anayoilenga inatoa lugha zipi, kwa sababu mtoto aliyesoma Kijerumani miaka mitatu anaweza kujikuta katika shule yenye Kifaransa pekee.

Hata hivyo, shule isiyo na mwalimu wa lugha ya kigeni haikosi lugha za kigeni. Darasa la Gredi ya 5 katika mtaa wa Kawangware linaweza kuwa na mtoto anayezungumza Kinyarwanda na bibi yake, mwingine anayeimba kwa Kilingala kanisani, na mwingine anayesoma Kiarabu madrasa. Hao ndio walimu wa kwanza. Yafuatayo yanaweza kuanza wiki ijayo:

Salamu ya wiki. Kila Jumatatu katika gwaride la asubuhi, mwanafunzi mmoja afundishe shule nzima salamu na neno la kushukuru. Wiki hii iwe "Mbote" ya Kilingala, wiki ijayo "Murakoze," yaani asante kwa Kinyarwanda na Kirundi, na baadaye "Kem cho?" ya Kigujarati, yaani hujambo. Mwisho wa muhula shule itakuwa na salamu kumi au zaidi, na kila mtoto aliyefundisha atakuwa ameonekana.

Msako wa maneno. Mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi kazi ya kutafuta asili ya maneno wanayotumia kila siku. Mtoto anayefika shule, akaweka kitabu juu ya meza na baadaye akala chapati, ametumia neno la Kijerumani, la Kiarabu, la Kireno na la Kihindi bila kujua. Bendera na leso ni za Kireno, serikali ni ya Kiajemi, baiskeli ni ya Kiingereza. Somo hili linaonyesha kwamba Kiswahili kimekua kwa kupokea wageni, bila kupoteza sarufi yake.

Vibandiko. Mlango, dirisha, ubao na kabati viandikwe majina kwa lugha tatu: Kiswahili, Kiingereza na lugha moja inayochaguliwa na darasa. Kadi za maboksi yaliyotumika zinatosha.

Jukwaa. Tamasha za kitaifa za muziki na za drama zimekuwa zikitoa nafasi kwa mashairi na michezo ya lugha za kigeni. Shule ikijiandaa mapema, kundi dogo la wanafunzi wanane linaweza kukariri shairi la Kifaransa au Kiarabu na kushindana.

Yapo pia ya kuepuka. Wakazi wengi walio na umri wa zaidi ya miaka thelathini wanakumbuka kibao, mfupa au kipande cha mti kilichoitwa "disk" au "monto," ambacho mwanafunzi aliyezungumza lugha ya mama alivishwa shingoni hadi ampate mwenzake wa kumpasia. Mwisho wa siku, aliyekuwa nacho alichapwa. Kizazi kizima kilifunzwa kwamba lugha ya nyumbani ni kosa. Shule haiwezi kusherehekea Kifaransa Ijumaa na kumwaibisha mtoto kwa Kiluhya au Kisomali Jumatatu. Watoto huelewa haraka ni lugha ipi inayopigiwa makofi na ipi inayochekwa.

Vivyo hivyo, mtoto mgeni asilazimishwe kusimama mbele na kuzungumza lugha yake kama kionyesho. Wapo waliokimbia vita, na lugha hiyo inabeba kumbukumbu nzito. Mwalimu amwulize kwanza faraghani, na akikataa, aachwe. Na anayecheka lafudhi ya mwenzake akanywe papo hapo, kama vile angekanywa kwa kumcheka mwenye ulemavu.

KAZINI: LUGHA NI HUDUMA NA NI USALAMA

Kwa mfanyabiashara wa City Market katika Muindi Mbingu Street au wa Soko la Kimaasai, faida ya lugha haihitaji hotuba. Anayeweza kumsalimu mtalii kwa Kihispania au Kichina, akahesabu hadi mia na kusema "tazama bila malipo," tayari ameshasimamisha mteja ambaye angepita. Maneno hamsini yaliyochaguliwa vizuri, yaani salamu, nambari, rangi, bei na shukrani, yanatosha kuanzia.

Katika afisi, kazi ya kwanza ni majina. Mfanyakazi mpya aulizwe jina lake linatamkwaje, na wenzake wajifunze kulitamka hivyo badala ya kumpa jina la mkato asilolitaka. Ubao wa matangazo unaweza kuwa na neno la wiki linaloandikwa na wafanyakazi kwa zamu. Chakula cha mchana cha pamoja mara moja kwa muhula, ambapo kila mmoja analeta chakula cha kwao na kueleza jina lake, kinafundisha zaidi ya semina.

Mahali ambapo lugha inagusa usalama, sherehe peke yake haitoshi. Katika maeneo ya ujenzi Kilimani, Kileleshwa na Westlands, msimamizi anaweza kuwa anazungumza Kichina, fundi Kiswahili, na kibarua Kirundi. Neno "Simama!" lisipoeleweka kwa wakati, mtu anaumia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi maelezo na mafunzo wanayohitaji ili wafanye kazi salama. Maelezo yasiyoeleweka hayajatolewa. Kila eneo la kazi linaweza kuchagua maneno kumi ya dharura, kama vile simama, hatari, umeme, moto, shuka, ondoka na ita daktari, yakaandikwa kwa lugha zote zinazozungumzwa hapo, yakiambatana na picha, na yakarudiwa kila asubuhi kabla ya kazi kuanza.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kuhusu mikataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba ikiwa mfanyakazi hajui kusoma, au haelewi lugha ambayo mkataba umeandikwa, mwajiri anapaswa kuhakikisha ameelezewa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Hii inamhusu mfanyakazi wa nyumbani kule Lavington au Karen sawa na mhasibu wa Upper Hill. Usitie sahihi usichokielewa. Omba ufafanuliwe, na uwe na shahidi.

Katika vituo vya afya na madirisha ya huduma, kosa linalofanyika kwa nia njema ni kumtumia mtoto kama mkalimani. Mtoto wa miaka kumi anayejua Kiswahili cha shuleni anaitwa kueleza ugonjwa wa mama yake. Atakosea maneno, ataficha ya aibu, au atasikia habari ambazo mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kuzisikia. Njia bora ni hizi:

Kila kituo kiandike orodha ya wafanyakazi wake na lugha wanazozijua, kuanzia daktari hadi mlinzi, ili ijulikane nani wa kuitwa. Mkalimani awe mtu mzima, na aahidi kutunza siri. Mhudumu amtazame mgonjwa anapozungumza, si mkalimani. Atumie sentensi fupi, kisha amwombe mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe jinsi atakavyotumia dawa. Na neno linapofanana na la Kiswahili chetu, asidhani maana ni ileile. Mfano wa munganga unatosha kuwa onyo.

NYUMBANI: DAKIKA KUMI NA TANO KWA SIKU

Wazazi wengi huogopa kwamba lugha nyingi zitamchanganya mtoto au kumchelewesha kuongea. Utafiti wa miaka mingi kuhusu watoto wanaokua na lugha mbili au zaidi hauungi mkono hofu hiyo. Ni kawaida kwa mtoto mdogo kuchanganya maneno katika sentensi moja, na hilo hupungua anavyokua. Mtoto anayechelewa kuongea katika lugha zake zote anafaa kupelekwa kwa mtaalamu wa afya, lakini tiba si kumnyang'anya lugha ya bibi yake.

Hofu iliyo ya kweli ni nyingine. Lugha hupotea nyumbani haraka kuliko wazazi wanavyotarajia. Mzazi aliyezaliwa Bukavu anazungumza Kimashi. Mwanawe anakielewa lakini anajibu kwa Kiswahili. Mjukuu anajua Sheng na Kiingereza, na akipigiwa simu na nyanya yake anasema "haloo" kisha anampa mama simu. Hadithi hiyo ni sawa kwa familia ya Kigujarati iliyoko Parklands na kwa familia ya Kikamba au Kiluo iliyoko Kangemi. Lugha ya kigeni inayosomwa kwa karo na lugha ya nyumbani inayopatikana bure zinastahili heshima moja.

Familia inaweza kujaribu mambo haya:

Saa ya lugha moja. Tenga dakika kumi na tano kila siku, labda wakati wa chakula cha jioni, ambapo kila mtu anajitahidi kuzungumza lugha moja iliyokubaliwa. Siku chache kwa wiki bila kukosa ni bora kuliko saa tatu mara moja kwa mwezi.

Simu ya nyanya. Mtoto apewe kazi maalumu anapompigia simu babu au nyanya, kwa mfano kuuliza kitendawili, jina la mmea, au jinsi ya kupika chakula fulani. Akiwa na swali la kuuliza, hatanyamaza.

Jikoni. Kupika injera, dhokla, pilau au sombe ni somo la nambari, vipimo na vitenzi. Andikeni mapishi kwa lugha mbili na kuyabandika kwenye friji au ukutani.

Redio. Mashirika ya utangazaji ya kigeni kama DW ya Ujerumani na RFI ya Ufaransa yana habari kwa Kiswahili na kwa lugha zao. Sikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, kisha usikilize habari hizohizo kwa Kijerumani au Kifaransa. Ukishajua kisa, masikio yanaanza kuyatambua majina, nambari na hatimaye sentensi.

Jirani. Anayejifunza lugha anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Mwanafunzi wa Kifaransa anayekaa Riruta huenda ana jirani kutoka Kongo anayehitaji kuboresha Kiingereza chake. Saa moja kwa moja, saa moja kwa nyingine, na hakuna anayemlipa mwenzake.

Tusisahau pia kwamba kwa baadhi ya majirani zetu, lugha ya kigeni ni Kiswahili. Mgeni wa Lavington, Karen au Gigiri anayejikakamua kusema "Naomba mkate mbili" anajibiwa mara nyingi kwa Kiingereza, na hapo somo linakufa. Mjibu kwa Kiswahili, polepole, na umrekebishe kwa upole: "Mikate miwili? Hii hapa." Hilo pia ni kuenzi lugha.

KABLA YA KULIPA KARO

Hamu ya kusoma lugha za kigeni imeongezeka kwa sababu ya ajira. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano kuhusu uhamiaji na ajira, na tangu hapo Kijerumani kimekuwa gumzo miongoni mwa vijana. Ni jambo zuri, lakini pia limewapa matapeli nafasi. Mkazi azingatie mambo manne.

Kwanza, fahamu ngazi. Lugha za Ulaya hupimwa kwa ngazi sita: A1 na A2 kwa wanaoanza, B1 na B2 kwa wanaojitegemea, C1 na C2 kwa waliobobea. Anayetaka kusomea ufundi au uuguzi ng'ambo huhitajika kwa kawaida kufika B1 au B2. Hilo ni suala la miezi mingi ya bidii. Anayekuahidi B2 kwa wiki chache anakudanganya. Kichina kina mtihani wake uitwao HSK.

Pili, cheti hutokana na mtihani. Uliza ni chombo gani kinachotahini na kutoa cheti, na kama cheti hicho kinatambuliwa na ubalozi au mwajiri unayemlenga. Anayeuza cheti bila mtihani anakuuzia kesi.

Tatu, tenga somo na kazi. Shule ya lugha inafundisha lugha. Anayekuahidi kazi ng'ambo anapaswa kuwa wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili huo unaweza kuthibitishwa na mamlaka hiyo kabla hujalipa hata shilingi moja.

Nne, anza bila gharama. Jaribu maktaba, redio na jirani kwa mwezi mmoja. Ukiona bado unaipenda lugha hiyo, utalipa karo ukijua unachokitafuta.

SIKU ZA KUTIA KWENYE KALENDA

Shule, afisi na familia zinazotaka tarehe maalumu zinaweza kuchagua miongoni mwa hizi:

21 Februari – Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama. Inakumbuka wanafunzi waliouawa Dhaka mwaka 1952 wakidai Kibengali kitambuliwe.

20 Machi – Siku ya Kifaransa.

20 Aprili – Siku ya Kichina.

23 Aprili – Siku ya Kiingereza na ya Kihispania.

6 Juni – Siku ya Kirusi, tarehe aliyozaliwa mshairi Pushkin.

7 Julai – Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021.

23 Septemba – Siku ya Kimataifa ya Lugha za Ishara.

26 Septemba – Siku ya Lugha za Ulaya.

30 Septemba – Siku ya Kimataifa ya Tafsiri.

18 Desemba – Siku ya Kiarabu. Tarehe hiyo mwaka 1973 Kiarabu kilifanywa lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa.

Siku za Aprili na Desemba kwa kawaida huangukia likizo ya shule, kwa hivyo zinafaa zaidi nyumbani na kazini. Kwa shule, siku nane za mwisho za Septemba ndizo zenye nafasi nzuri, kwa kuwa zina maadhimisho matatu: lugha za ishara, lugha za Ulaya, na tafsiri. Katika siku hizo shule inaweza kufundisha salamu kwa Lugha ya Ishara, kuandaa shairi la kigeni, na kuwapa wanafunzi kazi ya kutafsiri hadithi fupi ya nyumbani kwao kwa Kiswahili.

Lakini siku zikipita, kazi inabaki. Mama wa Bukavu hatakuja kliniki tarehe 20 Machi. Atakuja siku mtoto atakapopata homa, na atakachohitaji ni mtu wa kumwuliza kwa subira maana ya neno lake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kituo cha afya, huenda mgeni akiulizwa vizuri, apone na yeye.